Nyuzi za Besi Penye Hewa ya Chumvi

Swali: Msomaji wa Malindi anauliza: besi la kusimama la kikundi chao cha taarab limeshika kutu nyuzi. Wanunue za utumbo au za chuma?

Jibu: Kwanza mpigaji atazamwe mkono. Katika taarab ya okestra, kama ya Culture Musical Club ya Unguja, besi hudonolewa zaidi kwa vidole, na hapo utumbo husifiwa: sauti nene, inayozimika upesi na kuwaachia nafasi udi na ganuni. Lakini ni ghali, na unyevu wa pwani huuyumbisha kila mara. Chuma hutulia kwenye sauti na huitika vizuri kwa upinde, ila mlio wake huning'inia.

Kwa Malindi, zinazofaa ni zenye kiini cha nailoni kilichozungushiwa chuma, za mkazo mdogo ikiwa besi ni kuukuu. Za gitaa la besi zisinunuliwe, hata muuzaji aape: urefu wake unaolia ni kama sentimita 86, na besi la robo tatu huhitaji takriban 105.

Zibadilishwe mmoja mmoja. Zikilegezwa zote pamoja, kijiti cha ndani kinachobeba mkandamizo wa daraja huweza kuanguka. Baada ya kupiga, zifutwe jasho kwa kitambaa kikavu.