Staa Akiachana: Mahakama Hugawa Nini?

Mwaka 1973, mwimbaji wa opera Frederica von Stade aliolewa na Peter Elkus. Alikuwa bado anapewa nafasi ndogondogo Metropolitan Opera, New York, na mwaka huo kazi yake ilimwingizia dola 2,250. Kufikia 1989 alikuwa akipata dola 621,878 kwa mwaka. Katika miaka hiyo mumewe ndiye aliyemnoa sauti, akampiga picha za majalada ya albamu, akasafiri naye na kulea watoto wao wawili.

Ndoa ilipovunjika, mume alidai kwamba jina la mkewe nalo ni mali. Mwaka 1991 mahakama ya rufani ilikubaliana naye: kwa kadiri alivyochangia kulikuza jina hilo, ana fungu lake. Tangu 2016 sheria ya New York hairuhusu tena umaarufu kugawanywa kama mali. Hata hivyo, jasho la mwenza bado huhesabiwa mali nyingine zinapogawanywa, na nadhani hapo watunga sheria wametenda haki.

Huku kwetu watu huamini kwamba staa akiachana, utajiri wake hukatwa katikati kama papai. Sivyo. Heather Mills alidai pauni milioni 125 kwa Paul McCartney. Mwaka 2008 jaji wa London aliamua apate milioni 24.3, ilhali mali ya mwanamuziki huyo ilikadiriwa kuwa pauni milioni 400. Sehemu kubwa ya mali hiyo ilichumwa kabla hawajaoana mwaka 2002, na ndoa ilidumu miaka minne tu kabla ya kutengana.

Kwa hiyo ulizeni mawili: mali ilipatikana lini, na nani aliitolea jasho?

Nchini Kenya, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inatambua kuwa kazi za nyumbani, kulea watoto na kusimamia biashara ya familia vyote ni mchango. Ila Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema wazi kwamba usawa wa wanandoa katika Katiba haumaanishi nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja athibitishe mchango wake. Tanzania inayo Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114, pamoja na kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif ya 1983. Bi Hawa mwenyewe hakupata alichodai, lakini kesi yake ndiyo iliyothibitisha kuwa kupika, kufua na kulea ni mchango katika mali ya familia.

Tatizo ni ushahidi. Mfikirie mke wa msanii anayepokea simu za mapromota, anayelipa mafundi wa studio kwa simu yake na kushona nguo za jukwaani usiku. Nyumba ina jina la mume, gari lina jina la mume, chaneli ya YouTube ina jina la mume. Sheria ya Tanzania huchukulia kwanza kwamba mali ni ya aliyeandikishwa, mpaka mwingine athibitishe vinginevyo. Basi ujumbe wa malipo usifutwe. Mikataba ya shoo, stakabadhi za vifaa na hati za mirabaha vitolewe nakala vikiwa bado mikononi mwenu, maana wenza wakishagombana makabati hufungwa.

Mirabaha hasa huwaponyoka wengi. Wimbo uliorekodiwa ndani ya ndoa unaweza kuendelea kulipa miaka mingi baada ya talaka, kwa hiyo mweleze wakili mapema nyimbo zipi zilirekodiwa lini. Mtajie madeni pia: korti ya Tanzania huyaangalia, pamoja na mahitaji ya watoto wadogo.

Wanaotaka kujipanga kabla ya harusi, sheria ya Kenya inaruhusu mkataba wa mali, lakini mahakama inaweza kuutengua ikiwa mmoja alilazimishwa au alidanganywa. Ukiletewa mkataba huo, usiutie saini kabla wakili wako mwenyewe, si wa mchumba, hajausoma.