SOMO LETU: Maji ya Bafuni Yakitoka Kidogo



Shawa ikianza kudondosha matone, akina mama na mabinti hurudi Mto Tana na ndoo, na mamba wa huko tunawajua. Wengine hukimbilia kuuza mbuzi wanunue pampu, kumbe kasoro ni tope tu. Basi tuchunguze kwanza, hatua kwa hatua.

1. Tupime. Weka ndoo ya lita 10 chini ya shawa, fungua mpaka mwisho, tazama saa. Ikijaa kwa dakika 2, ni lita 5 kwa dakika: mtu ataoga vizuri. Ikipita dakika 4, endelea na somo.

2. Tulinganishe. Fungua mifereji mingine. Ikitoka vizuri, ugonjwa uko kwenye shawa. Fungulia kichwa chake, jaribu bila hicho. Maji yakiruka, matundu ndiyo yameziba kwa tope au chumvi ya kisima. Kiloweke ndani ya siki au maji ya ndimu usiku mmoja, kisha usugue kwa mswaki mkuukuu.

3. Mifereji yote ikiwa dhaifu, panda kwenye tangi. Je, maji yamo? Koki imefunguliwa yote? Tope limefikia mdomo wa bomba? Halafu fuata bomba lote, ukitafuta palipolowa au palipopindwa.

4. Tutazame kimo. Nguvu ya maji haitokani na ukubwa wa tangi, bali na urefu kutoka maji yalipo hadi shawa. Mita 10 hutoa baa 1 hivi. Mita 2 ni baa 0.2 tu. Ukiinua jukwaa, kumbuka lita 1,000 ni kilo 1,000, na udongo wetu hulainika mafuriko yakija, kama mwaka 2018 na 2023. Jukwaa dhaifu litaua mtoto. Pengine bomba pana kutoka kwenye tangi litatosha.

Kinga: maji ya mto yatulie usiku kucha kwenye pipa kabla ya kupandishwa, na tangi lioshwe kila tope linapoonekana.

Maswali ya kikundi:
(a) Nani nyumbani anajua koki ya tangi iko wapi?
(b) Tangi letu lilioshwa lini?
(c) Maji yakikatika, ni nani hutumwa mtoni, na saa ngapi?