Vidokezo: Usukani wa Baiskeli ya Mbio Uendane na Mwili Wako

Fremu imekutosha na siti iko kwenye kimo chake. Umebaki usukani, ule uliojikunja kama pembe za kondoo dume. Ukikosea hapa, viganja vitakufa ganzi na shingo itauma kabla hujafika mbali.

1. Pima mabega. Mtu akupime kutoka ncha ya mfupa wa bega moja hadi ya pili. Huo ndio upana wa kuanzia. Madukani utakuta zaidi sentimita 38, 40, 42 na 44. Uliza umepimwaje: kampuni nyingine hupima katikati ya bomba hadi katikati, nyingine nje hadi nje, na tofauti huzidi sentimita mbili.

2. Usiige mabingwa. Wamekuwa wakibana usukani ili kukwepa upepo, hadi UCI, shirikisho la dunia la mbio za baiskeli, ikaamua kuwa kuanzia 2026 usukani wa mbio za barabarani usipungue milimita 400, nje hadi nje.

3. Angalia usukani unavyokwenda mbele na unavyoshuka. Hapa ndipo wengi hupasahau, nami naona ndipo penye uzito kuliko upana. Mwenye mikono mifupi au mgongo mgumu aanze na unaokwenda mbele milimita 70 hadi 80 na kushuka kama 125. Ukitoa wa milimita 100 mbele ukaweka wa 75, breki zinakusogelea milimita 25, kwa hiyo huenda usihitaji kununua shingo fupi, yaani kile kipande kinachoushika usukani. Kisha jaribu: shika sehemu ya chini dakika kumi huku unakanyaga. Ukishindwa, umeshuka mno.

4. Unene wa katikati, pale shingo inapoushika usukani. Siku hizi ni milimita 31.8, baiskeli za zamani nyingi ni 25.4 au 26. Usilazimishe usukani usiolingana na shingo, utazunguka siku unayofunga breki kwa nguvu. Na breki za baiskeli ya milimani hazivaliki kwenye usukani huu, ncha zake ni nene zaidi.

5. Njia ya vumbi? Chukua uliotanuka kuelekea chini. Unatulia zaidi kwenye kokoto.

6. Wa mtumba, bandua utepe kwanza. Jasho hula alumini kimyakimya. Alumini nzima inamtosha mwendeshaji wa kawaida. Kaboni iliyowahi kuanguka vibaya usiinunue hata kwa bei ya kutupa.