Dada, Niwashe Hazadi Kwenye Mvua?

Mvua imeshika kasi, ukungu wa asubuhi umerudi kwenye majani chai, na ujumbe wenu mwingi, wadogo zangu, safari hii ni wa barabarani. Kwa hivyo ya wapenzi na mama wakwe yatasubiri. Nimechagua maswali manne, yote ya taa za nyuma ya gari. Barabara ya kutoka Kisii kupitia Keroka hadi Sotik ina vilima, kona na masoko yaliyosogea hadi ukingoni mwa lami. Humo aliye nyuma yako hana njia ya kujua unataka kufanya nini ila taa zako zimwambie, tena zimwambie ukweli.

“Dada, nimenunua gari langu la kwanza, Vitz. Mvua ikinyesha kila mtu anawasha hazadi. Nami niwashe?”

Hongera kwa gari, mdogo wangu. Maadamu linakwenda, usiwashe.

Hazadi ina ujumbe mmoja: gari hili limesimama mahali pabaya, jihadhari. Ukiiwasha huku unatembea, aliye nyuma anabaki kubahatisha. Je, umekwama? Unapunguza mwendo? Akupite? Halafu kuna hili ambalo wengi hawalifikirii: hazadi hutumia taa zile zile za indiketa. Zikimetameta zote kwa pamoja, utakapotaka kukata kona kuingia kwenu hakuna atakayejua. Hata breki yako inapoteza nguvu. Taa ya breki huonekana kwa sababu huwaka ghafla mahali palipokuwa na mwanga hafifu, lakini ikiwa kando yake kuna taa inayowaka na kuzima muda wote, jicho huchelewa kuitambua.

Mvua ikikufunika, washa taa kubwa za mbele ukiwa umezishusha. Zile ndogo za kuegeshea gari hazitoshi. Ukiwasha kubwa, nyekundu za nyuma nazo zinawaka, na hizo ndizo anazozihitaji mwenzako. Kisha punguza mwendo na uongeze nafasi kati yako na aliye mbele. Usipoona kabisa, toka nje ya lami, simama, na hapo sasa hazadi ni haki yako. Uingereza sheria inakataza hazadi kwenye gari linalotembea, isipokuwa kwenye barabara kuu za kasi pale unapowaonya walio nyuma kwamba kuna hatari mbele.

Najua mtaniuliza kuhusu misafara ya mazishi. Ijumaa zetu mnazijua: magari yanaongozana kutoka Nairobi na mwili wa marehemu, yote hazadi zinawaka, moja limemganda mwenzake. Heshima kwa marehemu ni nzuri, lakini taa kubwa za mbele zinatosha kuonyesha kwamba mko pamoja. Mkiachana nafasi hamtapotezana. Njia ya kwenda nyumbani mnaijua.

“Dada, mimi ni dereva wa Probox. Askari wamenisimamisha eti stop haiwaki, na mimi usiku naona nyekundu iko sawa. Wananionea?”

Hapana, kaka, safari hii wana haki. Mwambie fundi akutolee balbu ya nyuma, uishike kwenye mwanga wa jua. Katika magari mengi ya balbu za kawaida, ndani ya kioo kimoja mna nyuzi mbili. Uzi mdogo wa wati 5 ni wa taa ya usiku, na mkubwa wa wati 21 ni wa breki. Uzi wa breki ukikatika, mara nyingi utauona umening'inia na kioo kimeingia weusi, lakini ule mdogo unaendelea kuwaka. Ndiyo maana wewe unaona nyekundu usiku na kuridhika, kumbe ukikanyaga breki hakuna kinachobadilika. Zikizima zote kwa mara moja, mwambie fundi aangalie fyuzi na swichi iliyo juu ya pedeli. Balbu yenyewe bei yake haifiki hata nauli ya kwenda Nairobi.

Sasa piga hesabu nami. Kwa kilomita 80 kwa saa, gari linakula mita 22 kila sekunde. Dereva aliye nyuma akichukua sekunde moja na nusu kugundua kwamba unasimama, amekwisha kwenda mita 33 kabla mguu wake haujagusa breki. Hapo ni wakati taa zako zinawaka. Zisipowaka, anasubiri hadi aone gari lako linakua kubwa mbele ya macho yake. Hata aina ya balbu ina neno: ya uzi huchukua kama sehemu mbili za kumi za sekunde kufikia mwanga kamili, ilhali ya LED huwaka papo hapo. Kwa mwendo huo tofauti ni zaidi ya mita 4, yaani Probox yako nzima.

Na ile taa ya tatu, ya katikati juu, usidhani ni urembo. Marekani waliilazimisha kwenye magari madogo kuanzia modeli za 1986, na uchunguzi wa serikali yao wa mwaka 1998 ulikuta imepunguza ajali za kugongwa nyuma kwa kama asilimia 4. Wewe unapakia ndizi hadi buti haifungi, unaifunga kwa kamba ikiwa imeinuka, na taa hiyo inaangalia mawinguni. Mikungu nayo inaziba zile mbili za chini. Punguza mzigo, kaka.

Jambo la mwisho kwako. Ukiteremka kilima kwa gia nzito, vizuri sana, breki hazitachemka. Lakini gia haiwashi taa. Gusa pedeli kidogo aliye nyuma ajue unapunguza.

“Gari letu lilizima usiku kwenye kona. Tulikata matawi tukaweka barabarani. Tulikosea?”

Hamkukosea kutaka kuonya watu, ila matawi usiku hayang'ai. Dereva anayaona akiwa ameshayakanyaga. Sukumeni gari nje ya lami kadiri inavyowezekana, kisha muwashe hazadi. Itafanya kazi hata mkizima ufunguo, lakini betri itaisha baada ya saa chache, kwa hivyo msiitegemee peke yake. Toeni pembetatu nyekundu, ile tunayoiita laifseva, mtembee nayo nyuma hatua kama 60. Kama ni kona au mgongo wa kilima, ivukisheni hadi upande wa pili, dereva aione kabla hajaingia konani. Kutokuwa nayo garini ni faini ya shilingi 3,000, lakini hiyo ndiyo hasara ndogo.

Abiria wote washuke na kukaa mbali na lami. Pasiwe na mtu anayesimama nyuma ya gari kushika tochi. Juni 30, 2023, pale Londiani, lori liliyumba likavamia matatu, bodaboda na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara, na zaidi ya watu 50 wakafa. Kando ya barabara si mahali pa kusubiri fundi mkipiga soga.

Na mkiondoka, ondokeni na mawe mliyokingia magurudumu. Yakibaki barabarani, mwenye pikipiki atakayefuata ndiye atakayeyalipia.

“Mimi sina gari, ni abiria tu. Haya yananihusu nini?”

Yanakuhusu kuliko unavyodhani, maana wewe ndiye unayeona nyuma ya gari. Dereva ameketi mbele, hawezi kukanyaga breki na kwenda kuangalia taa. Matatu au Probox ikisimama steji, tupa jicho. Upande mmoja haujawaka? Mwambie kwa heshima: “Dere, stop ya kushoto imezima.” Ukisikia indiketa inalia haraka kuliko kawaida, mara nyingi ni balbu moja imekufa, mwambie pia. Ukipanda boda na gunia la majani chai, hakikisha halijafunika taa ya nyuma. Na wewe wa boda ujue pikipiki nyingi zina swichi mbili za taa ya breki, ya mkono na ya mguu, kwa hivyo jaribu zote mbili.

Konda akisimamisha gari katikati ya lami apakie watu, hazadi zikiwaka kana kwamba amepewa kibali, msipande. Songeni mbele hadi mahali salama, naye atawafuata kwa sababu nauli iko mifukoni mwenu.

Kazi ya nyumbani ni hii: leo jioni, rudisha gari nyuma karibu na ukuta, ukanyage breki, uangalie kwenye kioo kama ukuta unakuwa mwekundu pande zote mbili. Usipokuwa na ukuta, mwite jirani asimame pembeni akuangalilie. Kilichozima kitengenezwe kesho asubuhi kabla ya safari ya kwanza. Maswali mengine nileteeni, ya barabarani na hata ya mama mkwe.