Mswaki wa Mtoto Mdogo

SWALI: Binti yangu ametimiza miaka miwili, na kila nikimshikia mswaki hufumba kinywa akalia. Nimnunulie mswaki wa namna gani, nami nifanyeje hata azoee?
Mama mmoja, Tanga

JIBU: Bibi mheshimiwa, kabla hujamlaumu mtoto utazame kwanza mswaki wenyewe, kwani huenda, ijapokuwa umenakshiwa sanamu za wanyama, una kichwa kipana na nyuzi ngumu zinazochubua ufizi. Chagua wenye nyuzi laini, kichwa kidogo cha kufunika meno mawili hivi, na mpini mnene unaokamatika kiganjani mwake. Mswaki wa mti una fadhila zake kwa watu wazima. Kwa umri huu ni mgumu. Dawa ya meno yenye floridi uitie kadiri ya punje ya mchele tu, hata atimize miaka mitatu.

Ama kuhusu mazoea, mpakate, kichwa chake kikiegemea kifuani pako, uuinue mdomo wa juu kwa kidole na kusugua taratibu penye mpaka wa jino na ufizi. Kisha mwachie naye ajaribu, hata akiutafuna, maana mtoto hupenda kuiga kuliko kuamrishwa, na akikuona ukipiga mswaki asubuhi na usiku ataudai wake. Lakini usighurike na bidii yake: mpaka afikilie miaka saba hivi, kazi ya kumalizia ni yako, hasa ile ya usiku, ambayo baada yake asipewe chochote ila maji. Na pindi nyuzi zitakapotawanyika, mnunulie mwingine, hata ikiwa miezi mitatu haijatimia.