Wikendi Moja, Mji Mmoja: Vitabu vya Kusoma Kuanzia Ijumaa Hadi Jumapili

Kila Alhamisi ikifika, rafiki na jamaa huniuliza lile lile: "Nisome nini wikendi hii?" Siku hizi sitaji kitabu, nataja mji. Chagua mji mmoja, usome vitabu viwili vitatu vinavyouhusu, kimoja baada ya kingine. Vitabu hivyo hujibizana, na ifikapo Jumapili jioni unakuwa umeuzoea mji huo kama mwenyeji. Wikendi hii twende Unguja.

Ijumaa usiku: anza na chepesi

Wiki imekuchosha, usijitwishe kitabu kizito. Chukua *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Muhammed Said Abdulla, kilichochapishwa mwaka 1960. Mtu ameuawa mzimuni, na Bwana Msa, mpelelezi wa Kizanzibari mwenye kiko chake mdomoni, anaanza kuuliza maswali. Nyumbani kwetu tunakisoma kwa sauti: mimi nashika maneno ya Bwana Msa, mdogo wangu anakuwa Najum, yule rafiki anayemfuata kila mahali akitaka kujua. Majibizano yao yamejaa utani na lahaja ya Unguja, na ukiyatamka ndipo unapoionja ladha yake. Jaribuni hata kama mko wawili tu.

Jumamosi asubuhi: riwaya kubwa

Asubuhi akili bado haijachoka, kwa hiyo muda huo mpe Adam Shafi. *Vuta N'kuvute* (1999) inaturudisha Unguja ya miaka ya mwisho ya ukoloni. Yasmin, binti wa Kihindi, anaozwa akiwa mdogo kwa Bwana Raza, mtu mzima wa kumzaa. Anatoroka, anakimbilia mtaa wa Ng'ambo kwa shoga yake Mwajuma, kisha anapendana na Denge, kijana anayesakwa na polisi kwa siasa zake za kudai uhuru.

Simu iache chumba kingine. Shika penseli. Neno usilolijua lipigie mstari uendelee na safari. Kamusi utaifungua ukimaliza sura. Msomaji anayesimama kila sentensi hupoteza uhondo, na riwaya hii ina uhondo mwingi mno wa kupotezwa.

Mwaka 2021 Amil Shivji aliifanya filamu, nayo ikaonyeshwa kwenye tamasha la Toronto. Ushauri wangu: maliza kitabu kwanza. Filamu imelishika zaidi penzi la Yasmin na Denge. Kitabu kinakupa mji mzima pamoja na watu wake.

Jumapili: mtu wa kweli

Baada ya riwaya, soma maisha ya mtu aliyeishi. *Wasifu wa Siti binti Saad* wa Shaaban Robert ni kitabu chembamba, unakimaliza kabla ya chakula cha mchana. Siti alizaliwa Fumba katika familia ya wafinyanzi, akaja mjini, akawa malkia wa taarabu. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, akafariki mwaka 1950. Baadhi ya nyimbo zake ziko YouTube. Zisikilize ukimaliza kitabu, na Ng'ambo uliyoisoma jana kwa akina Mwajuma utaisikia kwa masikio yako.

Ukibaki na hamu

Rudi kwa Adam Shafi, usome *Kuli* (1979), riwaya ya wabeba mizigo wa bandarini na mgomo wa 1948. Halafu kuna *Peponi*, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Hadithi yenyewe inatembea bara na pwani ya Tanganyika, kwa hiyo ni njia nzuri ya kutoka kisiwani.

Mtandaoni, jarida la *Swahili Forum* lina makala za uhakiki kuhusu waandishi hawa, na kusoma ni bure. Wenye watoto waingie African Storybook, wachague hadithi za Kiswahili, nazo ni bure pia.

Vinapatikana wapi?

Dar es Salaam mimi huanzia duka la vitabu la TPH pale mtaa wa Samora, Nairobi huanzia Text Book Centre. Ukikosa kitabu huko, uliza maktaba ya mkoa au mwalimu wa Kiswahili aliye karibu nawe. Walimu wana hazina makabatini. Nakala za kudurufu tuziache. Mwandishi wa Kiswahili hapati kikubwa, na kile kidogo chake tusimnyang'anye.

Wikendi ijayo chagua mji wako mwenyewe. Ukitaka Tanga, Ken Walibora anakusubiri na *Siku Njema*. Ukitaka Ukerewe, Kezilahabi anakusubiri na *Rosa Mistika*. Nunua nakala halali, isome, kisha mwazime jirani asiyesoma kabisa. Wasomaji wapya hupatikana hivyo.