Pikipiki Moja kwa Lami, Matope na Mchanga

Kutoka Masasi kwenda Newala ni kupita barabara tatu ndani ya moja. Masasi yenyewe imekaa kwenye lami: upande mmoja unakwenda Ndanda na Mingoyo, upande mwingine Mangaka, na huko unachagua Tunduru au Daraja la Umoja kwenye mto Ruvuma. Ukikata kwenda Newala unakutana na bonde la mto Mwiti na udongo wake unaonata wakati wa mvua, kisha ukingo wa uwanda wa Makonde unaopanda kwa kona na mawe, na ukishafika juu unapokewa na mchanga unaomeza tairi. Anayetafuta pikipiki ya kumfaa huku anataka chombo kinachoyaweza yote hayo, na bado kimfikishe Mtwara kwa lami bila kumvunja mgongo.

Barabara zinabadilika, ni kweli. Ile ya Mtwara hadi Masasi kupitia Nanyamba, Tandahimba na Newala, yenye kilomita 210, inajengwa kwa lami kipande kwa kipande, na kilomita 50 za Mtwara hadi Mnivata ndizo zilizotangulia. Ila lami ya barabara kuu haifiki shambani. Ghala la chama cha msingi, shamba la mikorosho, chemchemi iliyo chini ya ukingo, nyumbani kwa wakwe: njia za huko ni mchanga leo na zitakuwa mchanga kesho. Kwa hiyo kanuni yangu ni moja. Pima pikipiki kwa kilomita mbaya kuliko zote unazopita kila wiki. Kwenye lami, pikipiki yoyote nzima itakufikisha.

Na hiyo kilomita mbaya huhama kwa msimu, jambo ambalo wageni hawalitegemei. Juu ya uwanda wa Makonde mito ni adimu kwa sababu mchanga hunywa mvua, na maji hutokea chini, miguuni mwa ukingo. Ndiyo sababu Newala imekuwa ikisukumiwa maji kwa pampu tangu enzi za mkoloni. Kwa mwendesha pikipiki, maana yake ni kwamba mwezi wa kwanza, mvua ikishakolea, mchanga wa juu hushikamana na kupitika vizuri, wakati huohuo bondeni kunateleza na matope yanajaa kwenye madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Ikifika mwezi wa nane mambo hugeuka: bonde limekauka na limekuwa gumu, juu mchanga umekuwa unga. Msimu wa korosho ndio mtihani wa yote, kwa sababu unaanza mwezi wa kumi mchanga ukiwa mkavu kabisa, na kabla haujaisha matope yameshaanza. Kabla hujaingia dukani, jua utapita wapi na mwezi gani.

Dukani, anza na magurudumu kabla hujauliza injini. Pikipiki za bodaboda tulizozizoea, Boxer na TVS, zina rimu ndogo za inchi 17 au 18. Zile ndefu ambazo mabwana shamba na wamisionari walizitumia miaka mingi, Honda XL na Yamaha DT, nyingi zina inchi 21 mbele na 18 nyuma. Tofauti yake utaijua ukiingia mchangani: gurudumu kubwa la mbele hupanda juu ya mchanga na juu ya jiwe, dogo huchimba, na likishachimba usukani unageuka wenyewe. Lakini inchi 21 na tairi yake nyembamba ni nzito kidogo kukata kona za lami. Anayegawa maisha yake nusu kwa nusu kati ya Mingoyo na mashamba ya Newala, namshauri atafute inchi 19 mbele. Honda XR150L ni mfano mzuri: 19 mbele, 17 nyuma.

Angalia pia rimu ni ya aina gani. Rimu ya sport inapendeza mjini, lakini ikigonga jiwe kwenye mteremko wa Newala hupasuka, na ikipasuka umelala njiani. Rimu ya spoku hupinda, na fundi yeyote wa kijijini huinyoosha. Kisha inama utazame nafasi kati ya tairi ya mbele na madigadi. Kama vidole viwili havipiti, matope ya Mwiti yatakusimamisha.

Sasa uzito, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Tangu BMW ilipotoa R 80 G/S mwaka 1980, dunia imejaa pikipiki kubwa za safari zenye vioo vya upepo na masanduku ya bati pembeni. Picha zake zinatamanisha. Lakini R 1250 GS ikiwa na petroli ina kilo 249, Royal Enfield Himalayan ya sisi 411 ina 199, na XR150L haifiki 135. Mchangani kila mtu huanguka, hata dereva mwenye miaka ishirini barabarani, na pikipiki ikilala kati ya Kitangari na kijiji cha ndani saa saba mchana, wa kuiinua ni wewe. Fanya jaribio hili kabla ya kulipa: ilaze pikipiki juu ya turubai, uiinue peke yako, uilaze tena, uiinue tena. Ukishindwa mara ya pili, hiyo si yako. Muuzaji akigoma, tafuta mwenye pikipiki kama hiyo mtaani ujaribu kwake.

Kimo cha kiti ni ndugu wa uzito. Kaa juu yake ukiwa umevaa viatu utakavyoendeshea, si kandambili. Kwenye lami ncha ya mguu mmoja inatosha. Kwenye mchanga unahitaji miguu yote miwili ifike chini, kwa sababu mara nyingi utapiga kasia nayo kama mvuvi wa mtumbwi. Kiti cha milimita 825 kinamfaa mtu wa kimo cha kawaida. Kiti cha Honda CRF250L, milimita 875, ni raha kwa mrefu na adhabu kwa mfupi.

Injini haina hadithi ndefu. Kwa mtu mmoja na mzigo mdogo, sisi 125 zinatosha. Kwa watu wawili wanaopanda ukingo wa Newala, chukua 150 hadi 200. Zaidi ya hapo unalipia mwendo ambao barabara haitakuruhusu kuutumia. Injini inayopozwa kwa upepo naipendelea kuliko ya rejeta, maana mchangani utakwenda gia ya pili kwa muda mrefu na rejeta iliyotobolewa na jiwe haina dawa porini. Kabureta au sindano za kompyuta? Sindano hula mafuta kidogo na huwaka vizuri asubuhi ya baridi, lakini zinataka petroli safi na betri nzima. Huku vijijini petroli huuzwa kwenye chupa, na hujui chupa ilikuwa na nini kabla. Kabureta ikiziba unaifungua chini ya mkorosho, unaipuliza, unaendelea na safari. Na hakikisha pikipiki ina kiki. Swichi ya kuwashia ni anasa, kiki ni uhakika.

Tanki la lita 11 au 12 kwa injini ya 150 linakutoa Masasi hadi Mtwara kupitia Newala na bado unabaki na akiba, hata ukila mafuta mengi mchangani. Hilo lisikuumize kichwa.

Swali la spea ndilo likuumize. Kabla hujachagua jina la pikipiki, nenda kwa wauza spea wa Newala na Masasi ukaulize vitu vitatu: waya wa klachi, beringi za gurudumu la nyuma, seti ya cheni na sproketi zake. Ukiambiwa vipo, na fundi wa pembeni akasema ameshaifungua injini hiyo, hiyo ni pikipiki ya huku. Ukiambiwa vitaagizwa Kariakoo, jua kila ubovu utakugharimu siku za kusubiri parseli ya basi. Kwa kipimo hiki Boxer na TVS zinashinda pikipiki zote nilizozitaja, na sioni aibu kusema kwamba mtu mwenye bajeti ya Boxer anunue Boxer. Kisha aitengeneze kwa ajili ya mchanga.

Matengenezo yenyewe si ghali. Badilisha sproketi ya mbele kwa iliyopungua jino moja. Kama ilikuwa na meno 14, weka 13: mwendo wa juu hupungua kwa karibu asilimia 7, nguvu ya kuvuta huongezeka kwa karibu kiasi hichohicho, na mlima wa Newala utaupanda bila kuchoma klachi. Weka tairi za meno mapana yaliyokaribiana. Yale marefu yaliyotengana ni mazuri kwenye matope lakini huisha haraka kwenye lami na huteleza ikilowa. Nunua pampu ya mkono na kipima upepo. Kwenye lami upepo wa psi 28 au uliopendekezwa na kiwanda, mchangani punguza mpaka 18 hivi ili tairi ijitandaze. Usishuke chini ya 15, kwa sababu tairi inaweza kuzunguka kwenye rimu na kung'oa nozeli ya tyubu. Ukirudi kwenye lami, jaza.

Cheni usiipake oili nzito wala grisi, maana mchanga hunasa humo na kugeuka msasa. Paka oili nyepesi kidogo, futa iliyozidi. Chujio la hewa la sponji lioshe, likaushe, lilowanishe oili kidogo na kulikamua, na wakati wa kiangazi usingoje fundi akukumbushe. Kushuka kutoka Newala usitegemee breki peke yake. Rudisha gia ya pili kabla ya kona ya kwanza, acha injini ishike, maana breki ya ngoma ikipata moto hupoteza nguvu palepale unapoihitaji.

Wapo watakaotamani XL au DT iliyotumika, ya minada ya mali chakavu za serikali na mashirika. Zina mwili mgumu, lakini kagua fremu chini ya usukani na kwenye keria kama imechomelewa, tazama sili za shokapu za mbele kama zinavuja, tikisa gurudumu la nyuma usikie beringi. DT huchoma oili pamoja na petroli, kwa hiyo moshi wake usikutishe. Moshi wa bluu kwenye XL ndio wa kuogopa. Linganisha namba ya injini na ya fremu na zile za kadi, tarakimu kwa tarakimu, na usitoe hela mpaka muuzaji akubali kwenda nawe TRA kubadilisha umiliki. Ukivuka sisi 125, leseni yako iwe daraja A, kwa kuwa A1 ni ya pikipiki ndogo. Kofia ngumu nunua siku hiyohiyo, mbili kama unabeba mtu.

Neno la mwisho ni la wakati wa kununua. Hela ya korosho ikitoka kila mtu anakimbilia dukani na hakuna muuzaji atakayekupunguzia bei. Ukiweza, subiri mpaka mwezi wa pili. Na utakapojaribu, usiishie kuzunguka stendi ya Masasi: omba uipeleke kwenye njia ya mchanga, ukiwa na abiria nyuma. Muuzaji asiyekubali, mwache, nenda duka la pili.